Pengo la mishahara kwa jina la mwajiri: nimeipima huduma ya serikali ya Uingereza

Kazi yangu ni kuandaa mishahara, na mjadala wa malipo ya wanawake na wanaume nimeusikiliza miaka mingi kwa hasira. Mwanasiasa mmoja anasimama na kusema wanawake wanapunjwa. Mwenzake anajibu kwamba hakuna anayepunjwa, wanawake wamejichagulia wenyewe kazi zenye ujira mdogo. Wanakwenda hivyo mpaka jioni, na hakuna aliyemtaja mwajiri hata mmoja. Huduma ya mtandaoni ya serikali ya Uingereza ya kutangaza pengo la mishahara inamtaja. Kwa hilo pekee inastahili sifa, na nitaisifu kabla sijaikosoa.

Unaandika jina la kampuni, linakuja. Hulipi, hujisajili. Tangu 2017 waajiri wenye wafanyakazi 250 au zaidi wanalazimika kisheria kutangaza tarakimu zao kila mwaka, isipokuwa walio Ireland ya Kaskazini. Unaona tofauti ya ujira wa saa kati ya wanaume na wanawake, kwa wastani na kwa mtu wa katikati, yaani ukiwapanga wanawake wote mstari mmoja kuanzia anayelipwa kidogo hadi anayelipwa zaidi, na wanaume vivyo hivyo, kisha ukawalinganisha wale wawili waliosimama katikati ya mistari yao. Unaona na bonasi. Unaweza kulinganisha kampuni kadhaa kwa pamoja, kurudi nyuma mwaka hadi mwaka, au kupakua faili zima ulichambue mwenyewe. Mimi hupakua faili, kwa sababu tarakimu ya kampuni moja peke yake hainiambii mengi.

Ninachokipenda kuliko vyote ni zile robo nne. Wafanyakazi wote wanapangwa kwa ujira na kugawanywa mafungu manne yaliyo sawa, kisha unaambiwa kila fungu lina wanawake asilimia ngapi. Hapo hoja nyingi za jukwaani huishiwa nguvu. Shirika la ndege la Ryanair, katika taarifa yake ya kwanza ya 2018, lilitangaza pengo la asilimia 71.8 kwa mtu wa katikati. Maelezo yake yalikuwa kwamba kati ya marubani wake 554 walioko Uingereza, wanawake ni 8. Hiyo haina maana kwamba rubani mwanamke alilipwa robo ya mshahara wa mwenzake wa kiume. Maana yake ni kwamba kazi inayolipa zaidi ilikuwa na wanaume karibu watupu.

Wanaopinga sheria za namna hii hupenda kusema tarakimu hizo hazithibitishi ubaguzi, na hapo wanasema kweli. Pengo ni jambo moja, malipo yasiyo sawa kwa kazi ileile ni jambo jingine. Lakini wakishasema hivyo wananyamaza, kana kwamba swali limejibiwa. Nani aliwaajiri wale marubani 546 wanaume, na kwa utaratibu gani? Wengine hudai wanawake wanafanya saa chache. Pengo hili hupimwa kwa ujira wa saa, kwa hiyo wingi wa saa umeshatolewa kwenye hesabu. Kinachoonekana ni kwamba kazi zisizo za muda kamili, ambazo wanawake ndio wengi, hulipa kidogo hata kwa saa moja: takwimu za taifa za Aprili 2024 zilikuwa na pengo la asilimia 13.1 kwa waajiriwa wote wa Uingereza, na asilimia 7 kwa wale wa muda kamili. (Bonasi, kwa bahati mbaya, haipimwi kwa saa. Anayefanya siku tatu analinganishwa na anayefanya tano bila marekebisho yoyote. Safu hiyo isomwe kwa tahadhari.)

Sasa upungufu wake. Huduma hii haioni daraja la kazi, na mtu yeyote aliyewahi kukaa na orodha ya mishahara anajua kwamba kupunjwa hufichwa kwenye daraja. Juni 1968 wanawake waliokuwa wakishona vitambaa vya viti vya magari katika kiwanda cha Ford cha Dagenham waligoma kwa sababu kazi yao iliwekwa daraja la wenye ujuzi mdogo. Waziri Barbara Castle alikutana nao, wakarudi kazini kwa asilimia 92 ya ujira wa wanaume wa daraja lile, na sheria ya malipo sawa ikapitishwa 1970. Ushindi mkubwa, nao nauheshimu kwa moyo wote. Lakini daraja la wenye ujuzi, lile walilolidai tangu mwanzo, walilipata 1984 baada ya mgomo mwingine. Wangeishi leo, robo nne zingewaonyesha wako chini. Zisingewaonyesha kwamba wamewekwa huko kimakosa.

Tena mwajiri anaweza kukabidhi usafi na jikoni kwa kampuni ya nje, pengo lake likapungua, na hakuna mwanamke aliyeongezwa hata senti. Mawakili wabia wanaogawana faida hawahesabiwi kabisa, ingawa ndio wanaopata fedha nyingi zaidi katika kampuni zao. Na mwaka 2020, kwa ajili ya janga la korona, utekelezaji ulisimamishwa na waajiri wengi wakaacha kutangaza. Faili la mwaka huo lina mashimo.

Mfano unaonionyesha mpaka wa wastani ni wa Carrie Gracie, aliyekuwa mhariri wa BBC wa habari za China. Ushahidi kwamba alipunjwa ulikuja Julai 2017, BBC ilipolazimika kutangaza majina ya watangazaji wanaolipwa zaidi ya pauni 150,000. Mhariri mwanamume wa Amerika Kaskazini alikuwemo, yeye hakuwemo. Alijiuzulu nafasi hiyo Januari 2018, BBC ikaja kumwomba radhi na kumlipa malimbikizo, naye akayatoa kwa shirika linalotetea haki za wanawake. Wastani wa shirika zima usingempa ushahidi ule.

Umoja wa Ulaya umekwenda mbele zaidi. Sheria yake ya 2023, ambayo nchi wanachama zilipewa hadi 7 Juni 2026 kuiingiza katika sheria zao, inampa mfanyakazi haki ya kuuliza wastani wa malipo ya wanaume na wanawake wanaofanya kazi ya thamani sawa na yake. Inamlazimu pia mwajiri kumwambia mwombaji kiwango cha mshahara mapema, na inamkataza kuuliza alikuwa akilipwa kiasi gani kwingine. Hilo la mwisho ningelitaka kila mahali, maana mshahara mdogo wa jana ndio unaozaa mshahara mdogo wa kesho.

Naipa huduma hii nyota tatu kati ya tano. Anayeomba kazi katika kampuni kubwa ya Uingereza aifungue kabla ya usaili, atazame robo ya juu kwanza, kisha aulize nafasi anayoomba iko robo ipi. Chama cha wafanyakazi kipakue miaka yote na kukaa nayo mezani siku ya majadiliano. Anayetaka kujua kama yeye mwenyewe anapunjwa hatapata jibu humu. Huyo amtafute mwenzake wa kiume anayefanya kazi kama yake waambizane mishahara yao, na kama mkataba unawakataza wasiogope: Sheria ya Usawa ya 2010 inakinyima nguvu kifungu cha namna hiyo, mradi wanaulizana ili kujua kama kuna ubaguzi.