Biskuti za Posho ya Medani ya Jeshi la Marekani: Zinadumu, Lakini Zinakausha Koo

Anayefungua kifurushi cha MRE, yaani mlo uliofungashwa ambao Jeshi la Marekani humpa askari wake anapokuwa mbali na jiko, huanza na nyama na mchuzi, kisha huhamia kwenye keki na peremende, na mwishoni kabisa, ikiwa njaa bado haijakwisha, ndipo huikumbuka pakiti ya biskuti za chumvi. Nimezila biskuti hizi kiasi cha kutosha kuzitolea hukumu, zile za kawaida na zile za mboga, nikiwa raia anayependa kupiga kambi porini na kununua matoleo ya kiraia ya vifurushi hivyo. Lawama zinazotupiwa mara nyingi ni kwamba ni ngumu na hazina ladha. Mimi naona ugumu wake una sababu nzuri, na ladha yake inavumilika; kinachozishusha daraja ni kiu.

Pakiti yenyewe ni nene, imetengenezwa kwa tabaka za plastiki na alumini, nayo imenyonywa hewa hadi ikagandamana na kilichomo, kiasi kwamba ukipitisha kidole juu yake unavihisi vitundu vya biskuti kabla hujaichana. Vitundu hivyo havikuwekwa kwa ajili ya urembo. Hupitisha mvuke biskuti inapookwa ili isivimbe katikati, na bila hivyo isingelala bapa ndani ya pakiti wala isingestahimili kubanwa namna ile. Ukiichana pakiti hupokewi na harufu yoyote ya kutia hamu, ila harufu hafifu ya unga uliookwa. Biskuti ni pana, ina rangi ya mchanga iliyokolea kidogo kwenye kingo, na ukiivunja hutoa mlio mkavu na kumwaga chenga kwenye magoti yako. Ladha ni ya unga, halafu chumvi kidogo, halafu basi. Zile za mboga zina vipunje vya rangi na harufu inayokaribia ile ya supu ya pakiti, na kama ningeachiwa nichague ningezichukua hizo kila mara.

Ili tuzitendee haki, yafaa tuzipime kwa kazi zilizotengenezewa. MRE ilianza kuwafikia wanajeshi mwaka 1981, ikichukua nafasi ya vyakula vya makopo, na masharti yake si mepesi: kifurushi kinatakiwa kikae ghalani miaka 3 kwenye joto la nyuzi 27 za Selsiasi, au miezi 6 kwenye nyuzi 38, na kibaki salama hata kikidondoshwa kwa parachuti. Biskuti iliyozitangulia hizi ni ile iliyoliwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya mwaka 1861 na 1865, kipande kinene cha unga na maji, pengine na chumvi, kilichokaushwa hadi askari wakakibandika majina ya kejeli, likiwamo la ngome ya funza. Wengi walikiponda kwa kitako cha bunduki na kukilowesha kwenye kahawa ya moto, na wadudu waliokuwamo walipoelea juu waliwaengua kwa kijiko na kuendelea kunywa. Biskuti ile haikutiwa mafuta, na kutokuwa na mafuta ni sababu mojawapo iliyoifanya idumu mno. Ya leo imetiwa mafuta ili itafunike kwa meno ya kawaida, na mafuta hayo hayo ndiyo yanayoidhoofisha, kwa maana yakikutana na hewa huchacha, na joto huharakisha mambo. Pakiti iliyonyonywa hewa, basi, ni nusu ya ubora wa biskuti, na biskuti ambayo pakiti yake imetoboka haina thamani yoyote, hata kama tarehe yake ni ya juzi.

Niliwahi kuuziwa boksi na muuzaji mmoja wa mtandaoni ambaye, kwa dalili zote, alikuwa amelihifadhi mahali pa joto kali. Nyama ilikuwa nzuri, jemu haikuwa na neno, lakini biskuti zilinuka kama rangi ya mafuta ya kupakia mlango, na ukali ule ulibaki ulimini hata baada ya kusukutua kinywa. Anayenunua na azisome zile tarakimu nne zilizochapishwa kwenye pakiti: ya kwanza ni ya mwaka, na tatu zinazofuata ni za siku ya mwaka huo, hivyo 4156 ni siku ya 156, mwanzoni mwa Juni, ya mwaka unaoishia na 4, na kama ni 2014 au 2024 hilo utalitambua mwenyewe. Maboksi ya jeshi hubandikwa pia alama ya duara ambalo sehemu yake ya ndani huzidi kukolea kadiri muda na joto vinavyopita. Sehemu hiyo ikiwa imekolea kuliko pete inayoizunguka, liache boksi hilo dukani. Msomaji aliye Muscat au Doha, ambako nyuzi 38 ni jambo la kawaida kiangazi kizima, asiitegemee kabisa ile miaka 3 ikiwa stoo yake haina kiyoyozi.

Nije sasa kwenye kiu. Biskuti hizi hunyonya mate kwa kasi ya ajabu, na wanajeshi wa Marekani wenyewe wamelifanya jambo hilo kuwa mchezo, wakishindana nani atamaliza pakiti moja ndani ya dakika 2 bila kugusa maji. Kambini ni kichekesho. Kwa mtu aliyebeba maji yake yote mgongoni, na asiyejua kisima kiko wapi, chakula kinachodai nusu kikombe cha maji ili kishuke kooni ni chakula chenye gharama ambayo haikuandikwa popote kwenye pakiti. Watengenezaji wanategemea vitu vya kupaka vipunguze ukavu huo, lakini vitu hivyo havilingani. Siagi ya karanga, ambayo ni lazima uifinyange kwanza ndani ya kifuko chake kwa sababu mafuta hujitenga na kupanda juu, huongeza tatizo, maana nayo hukaba koo. Jemu inasaidia. Jibini la kupaka ndilo linalofaa zaidi, hasa lile lenye pilipili ya jalapeno, kwa kuwa lina unyevu na ukali wake huamsha mate; chana kona ndogo tu ya kifuko, likamue kwa mistari membamba, usitumie kijiko, kwani ukikandamiza kwa kijiko biskuti huvunjikia mkononi.

Wajapani walilitazama jambo hili kwa makini zaidi. Biskuti zao kavu zenye asili ya jeshi, ziitwazo kanpan, ambazo siku hizi raia huziweka nyumbani kama akiba ya wakati wa tetemeko la ardhi, huuzwa pamoja na peremende ndogo za sukari ziitwazo konpeito, ili mlaji azimumunye na kinywa kijae mate. Ni suluhisho la gramu chache, na sielewi kwa nini Wamarekani, ambao tayari wanatia peremende kwenye baadhi ya vifurushi vyao, hawajaziweka makusudi ndani ya kila kifurushi chenye biskuti. Wajerumani nao hawana cha kujivunia: biskuti ngumu za jeshi lao zimepewa na askari jina la mabamba ya kifaru cha vita. Waingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliletewa biskuti ngumu kiasi kwamba wapo walioziandika anwani na kuzituma nyumbani kwa posta, na baadhi yake zingali makumbusho hadi leo. Zikiwekwa karibu na hizo, za MRE ni laini.

Kifurushi chako kikiwa na tortila, yaani mkate bapa kama chapati, badala ya biskuti, shukuru, kwa sababu tortila haikaushi koo na haivunjiki. Kikiwa na biskuti, usizile kavu hata kidogo. Pasha mchuzi kwa kile kifuko cha kupashia kilichomo humo humo, zivunje biskuti zingali ndani ya pakiti yake ili chenga zisipotee, zimimine kwenye mchuzi, kisha subiri dakika tatu au nne. Zitanywa mchuzi bila kuvurugika na kuwa uji, jambo ambalo biskuti laini za dukani haziwezi, na ile chumvi yake ndogo itakuwa imepata mahali pake.