Uzoefu wangu na Intl.NumberFormat: shilingi, faranga na riali katika mfumo mmoja wa ankara

Natengeneza mifumo ya ankara kwa wafanyabiashara wa Dar es Salaam, na wengi wao biashara yao haiishii kwenye shilingi yetu. Mmoja anauziana na watu wa Kampala, Lubumbashi na Muscat. Kwenye mfumo wake nimetumia Intl.NumberFormat, zana ya kuandika namba na fedha kwa mpangilio wa kila nchi, ambayo imo ndani ya lugha ya programu ya JavaScript yenyewe, na nimeipenda kiasi kwamba namshauri kila mwenzangu aache kubandika "TSh" mbele ya namba kwa mkono.

Uzuri wake mkubwa ni kutenganisha sarafu na msomaji. Sarafu unaitaja kwa msimbo wa ISO 4217, kiwango cha kimataifa cha misimbo ya sarafu: TZS ya Tanzania, UGX ya Uganda, CDF ya Kongo, OMR ya Oman. Msomaji unamtaja kwa lugha na nchi yake, mfano sw-TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania. Chukua riali kumi na mbili na nusu za Oman. Riali moja ina baisa 1,000, kwa hiyo desimali zake ni tatu, na kwa sw-TZ unapata OMR 12.500. Kwa sw-CD, yaani Kiswahili cha Kongo, nukta ndiyo inayotenga maelfu na mkato unatenga desimali, hivyo kiasi kilekile kinaandikwa OMR 12,500. Mpe mtu wa Kariakoo karatasi hiyo ya pili, atasoma riali elfu kumi na mbili na mia tano! Lugha ni moja, fedha ni ileile, na tofauti ni mara elfu. Ndiyo maana kila ankara naiandika kwa msimbo wa nchi ya anayeipokea, kamwe si kwa mpangilio wa seva.

Shilingi ya Uganda haina desimali katika ISO 4217, kwa hiyo sihitaji kuongeza chochote. Ya kwetu bado imehesabiwa desimali mbili, ingawa dukani hakuna anayedai senti. Naweka minimumFractionDigits na maximumFractionDigits (idadi ya chini na ya juu ya desimali) zote mbili kuwa 0, maana injini za zamani za JavaScript hutoa kosa ukiweka ya pili peke yake. Lakini senti naziondoa kwenye maandishi tu. VAT ya asilimia 18 naikokotoa kwa thamani kamili kwanza, la sivyo jumla ya mistari inaweza kupishana na jumla ya chini, na mhasibu ana haki ya kuikataa ankara hiyo.

Kati ya TSh na namba kuna nafasi isiyokatika, ambayo msimbo wake wa Unicode ni U+00A0. Majaribio ya programu yanayolinganisha maandishi yatafeli ukiandika nafasi ya kawaida, ila faida yake naiona: alama ya fedha haiachwi mwisho wa mstari huku namba ikishuka chini. Na kama seva yako inatumia Node.js, programu inayoendesha JavaScript kwenye seva, ya kabla ya toleo la 13, angalia kwanza kama data ya Kiswahili imo, kwani kwa kawaida matoleo hayo yalikuja na Kiingereza tu.

Kinachonisumbua ni kimoja. Intl.NumberFormat inaandika fedha, haisomi. Mteja akijaza "45.000" kwenye kisanduku cha bei, haitakuambia alikusudia elfu arobaini na tano au arobaini na tano tu. Sehemu hiyo naiandikia msimbo wa programu wangu mwenyewe, na kiasi kilichoeleweka namwonyesha mteja akithibitishe kabla sijakihifadhi.