AdwCleaner imeniokoa kupigiwa Windows upya, ila haikumaliza kila kitu

Nianze na fundi maana yeye ndo sababu ya mimi kuandika hapa. Nilimpelekea CPU ya nyumbani, akaiwasha, akaichungulia kama dakika mbili, akasema hii imejaa virusi bosi, dawa yake ni kupiga Windows upya, elfu 30, na mafaili yako hamisha mwenyewe kwenye flashi. Nikamwambia ngoja nikafikirie, nikapanda nayo bajaji nimeipakata kama mtoto.

Shida yenyewe ilikuwa hivi, ukifungua Chrome haiji Google, inakuja sechi fulani hata jina lake sijawahi kulisikia, ukiandika kitu inakurusha anwani hii, mara ile, ndo unafika kwenye majibu ambayo nusu yake ni matangazo. Halafu chini kulia kila baada ya muda kinachomoza kiboksi, "kompyuta yako ina virusi 5, safisha sasa hivi". Mama yangu hicho kiboksi alikuwa anakiogopa kweli, akikiona anaenda kuzima swichi ukutani. Na bando likawa linaisha kama maji ya ndoo iliyotoboka.

Chanzo ni mdogo wangu. Alikuwa anaandika CV, akatafuta programu ya kugeuza PDF iwe Word, akaidaunlodi kwenye saiti moja ya hovyo na akabofya Next, Next, Next mpaka mwisho. Sasa hapo ndipo wanapokula hela, programu ya bure inakuja imebeba wenzake watatu, na ile tiki ya "nakubali kubadilisha sechi yako" wameshakuwekea, wewe ilitakiwa uchague Custom uzitoe. Kwa hiyo kisheria wanasema ulikubali mwenyewe! Ndo maana hata antivairasi nyingi huwa haziziiti virusi, zinaziita programu zisizotakiwa, na nyingine zinazipita tu kama hazijaziona.

Basi nikaidaunlodi AdwCleaner, programu ya kufagia hizo programu zisizotakiwa. Ni ya Malwarebytes, waliinunua 2016, bure kabisa, ya Windows, ni faili dogo haifiki hata MB 20 na huhitaji ku-install chochote, unalibofya linafunguka hapohapo. Ila jamani ichukueni kwenye saiti ya Malwarebytes wenyewe, msiandike jina Google mkabofya la juu kabisa, la juu mara nyingi ni tangazo la kulipia na unaweza ukaenda kuchukua ugonjwa mwingine ukidhani ni dawa. Ikaskani dakika chache ikaniletea vitu 23, mafolda, vipengele vya rejista (daftari la mipangilio ya Windows), ekstensheni mbili (vijiprogramu vya kuongezea kivinjari), na kazi iliyopangwa ijiwashe kila kompyuta ikiwaka, hiyo ndo ilikuwa inairudisha ile sechi kila nikiitoa kwa mkono. Nikabonyeza weka karantini, ikaomba kuzima na kuwasha kompyuta upya, imewaka, sechi imeenda. Karantini ni kitu kizuri kwa sababu ikikosea unaweza kukirudisha.

Kingine nilichokipenda, kwenye mipangilio yake kuna sehemu ya kufuta sera za Chrome, yaani amri zinazoilazimisha mipangilio yake. Mimi nilikuwa nashangaa chini ya menyu ya Chrome pameandikwa kivinjari hiki kinasimamiwa na shirika lako, shirika gani tena, hii kompyuta ipo sebuleni! (Kuna antivairasi halali nazo huweka huo ujumbe, usikurupuke.) Pia inakuonyesha programu zilizokuja na kompyuta kutoka kiwandani, na hilo siyo jambo dogo, mnakumbuka Lenovo mwaka 2015 walivyoumbuka na Superfish, laptop mpya kwenye boksi tayari ina kitu cha kupachika matangazo, tena kimeweka cheti chake chenyewe kinachoweza kufungua hata kurasa zenye kufuli.

Sasa lile linalowachanganya watu wengi, vile viboksi vya virusi 5 vilibaki palepale. Nikaskani tena, safi. Tena, safi. Nikataka kurudi kwa fundi kwa aibu. Kumbe zile ni arifa tu, kuna saiti dogo aliingia ikamwambia bonyeza Ruhusu kuthibitisha wewe siyo roboti, akabonyeza, basi saiti ikapewa ruhusa ya kutuma arifa hata ukiwa umeifunga. Hapo hakuna programu yoyote ya kukamatwa na skani. Unaingia mipangilio ya Chrome, faragha na usalama, mipangilio ya tovuti, arifa, unafuta majina yote usiyoyajua. Nilikuta tisa. Nikaweka na saiti zisiombe tena ruhusa hiyo kabisa.

Na kesho yake ekstensheni moja ikarudi, nikachoka. Ilikuwa imehifadhiwa kwenye akaunti ya Google ya dogo, akisainini inashuka tena yenyewe. Itoe ukiwa umeingia kwenye akaunti, usawazishaji (sync) umewaka, ndo inafutika na huko juu.

Kwa hiyo AdwCleaner naipa nyota nne. Ni fagio, siyo mlinzi, haikai getini, mpaka uiite. Getini nimeweka uBlock Origin, ekstensheni ya kuzuia matangazo, nayo bure, na nimehamia Firefox kwa sababu ile kamili Chrome hawaipokei tena, huko imebaki ya Lite ambayo inapunguza lakini siyo sana kama kaka yake.

Dogo nimemfungulia akaunti yake ya Windows isiyo ya admin, akitaka kuweka programu lazima aniite niandike nywila. Amenuna wiki nzima.