TP-Link TL-WN722N: angalia toleo kabla hujatoa hela

Vijana wanaojifunza usalama wa mitandao hapa Dodoma, hasa wa CIVE (chuo cha TEHAMA) pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, wakiulizia kadi ya Wi-Fi ya mazoezi huelekezwa kwa hii. Shida ni kwamba jina moja limebeba vitu viwili. Toleo la 1 lina chipu ya Atheros AR9271; la 2 na la 3 yana RTL8188EUS ya Realtek. Sifa zote unazosikia ni za toleo la 1.

Boksi lisikudanganye. Nenda dukani na laptop yenye Kali (Linux ya mazoezi ya usalama), chomeka kadi, andika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB na namba zao. Ikitokea 0cf3:9271, umeipata. Ikitokea 2357:010c, hiyo ni Realtek. Fanya hivyo kabla ya kulipa, maana risiti nyingi zimeandikwa chini kabisa "mali ikishauzwa hairudishwi", na kutoka Ng'ong'ona kurudi mjini kubishana na muuzaji ni nauli nyingine.

AR9271 hutumia ath9k_htc, draiva iliyomo tayari kwenye kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux. Unaandika airmon-ng start wlan0 kuiweka kadi katika hali ya kusikiliza mitandao yote, halafu aireplay-ng --test wlan0mon kupima kama inaweza kurusha pakiti zako mwenyewe (injection), likija jibu "Injection is working!", kazi imeisha. Pima kwa ruta yako mwenyewe: kunasa mawasiliano ya jirani bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Realtek nayo hufika huko, ila kwa jasho. Inabidi uweke draiva nyingine kwa DKMS (zana inayoijenga draiva upya kwa kila kerneli), na linux-headers, faili zinazohitajika kuijenga, zilingane herufi kwa herufi na jibu la uname -r, yaani toleo la kerneli unayotumia. Wengi hukwama hapa: mtu anasasisha mfumo usiku, asubuhi kadi haifanyi kazi, anadhani imeungua. Haijaungua. Kerneli imepanda, headers zimebaki nyuma. Kwa anayeanza, toleo la 1 lililotumika ni bora kuliko la 3 jipya dukani.

Matoleo yote yanashika 2.4 GHz tu. Mtandao wa 5 GHz hautauona kabisa. Ukiendesha Kali ndani ya VirtualBox (kompyuta pepe), ipitishe kadi kwenye menyu ya USB, la sivyo Kali haitaiona. Na kwa kuwa ni ndefu na antena inaning'inia, hulegeza tundu la USB, kwa hiyo nunua na waya mfupi wa kurefushia.