Orvieto na shangazi: anzieni kisimani

Shangazi yangu wa Tanga alikuja kunitembelea Roma mwezi wa kumi, na siku ya tatu tu akaniambia amechoshwa na kelele za magari. "Nipeleke penye hewa, mwanangu." Niliyafikiria sana magoti yake kabla ya kukata tiketi za Orvieto, maana mji ule umekaa juu ya mwamba uliosimama peke yake bondeni, bapa juu na wima pande zote, mfano wa mkate wa kumimina uliopinduliwa kwenye sinia. Nilimpeleka hivyo hivyo, tukalala usiku mmoja. Naandika kwa ajili ya wenzangu mlioko huku Italia mnaopokea wazazi na wageni kutoka nyumbani, kwa sababu wengi wanaokwenda Orvieto hufika saa nne, hulikimbilia kanisa kuu, hula, halafu huteremka. Wanauona mji nusu.

Kufika ni rahisi. Treni ya kawaida kutoka Roma Termini huchukua kama saa moja na robo, pengine moja na nusu. Ukitoka tu stesheni, mbele yako kuna kituo cha kigari cha reli kinachovutwa na waya hadi juu. Wenyewe wanakiita funicolare. Kilianza mwaka 1888, na zamani kiliendeshwa kwa maji: behewa la juu lilijazwa maji kwenye tangi, uzito ukaliteremsha, nalo likalivuta lenzake kupanda. Leo ni umeme. Kuna tiketi ya pamoja inayoitwa Carta Unica, inayokuingiza karibu kila mahali pa kutazama. Mkitaka kuona zaidi ya sehemu mbili, nunueni hiyo.

Kigari kinakushusha Piazza Cahen. Hapo watu wote wanakimbilia basi dogo la kwenda kanisani. Nyinyi msilikimbilie. Hatua chache kutoka hapo ndipo kilipo kisima, Pozzo di San Patrizio, na ndipo pa kuanzia.

Habari yake ni hii. Mwaka 1527 majeshi ya mfalme Karolo V yaliuteka na kuupora mji wa Roma. Papa Klementi VII alitoroka akakimbilia Orvieto, na akiwa huku ndiko wajumbe wa Henry VIII wa Uingereza walikomfuata kudai ndoa ya bwana wao ivunjwe. Mwamba ulimpa usalama, lakini juu hakuna chemchemi. Adui akiuzingira mji, watu watakufa kwa kiu. Basi akamwamuru msanifu majengo Antonio da Sangallo, yule aitwaye Kijana, achimbe kisima. Kilikwisha mwaka 1537, Papa mwenyewe keshafariki. Kina chake ni mita 53, upana mita 13, na ukutani zimezungushwa ngazi mbili zinazojipinda kama nyuzi mbili za kamba moja, kila moja na vidato 248. Ya kushukia haikutani na ya kupandia hadi chini kabisa majini, ambako kuna kidaraja kinachoziunganisha.

Nilimwambia shangazi asubiri juu. Akakataa. Na kumbe vidato vile ni vipana na vifupi, kwa sababu vilitengenezwa kwa ajili ya punda na nyumbu wa kubeba maji, si kwa watu. Mtu mzima anashuka taratibu bila kuinua sana goti. Ukutani kuna madirisha yapatayo 70 yanayotazama katikati ya shimo, mwanga unaingia kutoka juu, na kwenye kila dirisha la tatu au la nne tulisimama akapumzika. Ndipo akawaona. Ng'ambo, dirishani, watu walikuwa wanapanda. Tuliwatazama, wakatutazama, na hatukupishana nao hata mara moja.

Shangazi aliweka mkono kwenye ukingo wa dirisha, jiwe limelowa na lina ukungu wa kijani, akanyamaza kitambo. Kisha akanieleza kisima cha kijijini kwao alipokuwa msichana, shambani nyuma ya Muheza: kijia kimoja chembamba, utelezi, wa kushuka na ndoo tupu wanakutana na wa kupanda na ndoo zimejaa kichwani, na hapo ndipo maji yanapomwagika na ugomvi unapozuka. "Aliyejenga hiki," akasema, "aliijua adha ya kupishana na mtu mwenye maji." Nimesoma maelezo mengi ya kisima hiki kwa Kiitaliano. Hakuna lililonifahamisha kama hilo.

Chini kuna baridi, bebeni sweta. Juu kuna maandishi ya Kilatini yanayosema, kwa maana yake, kwamba kile ambacho maumbile yaliinyima ngome hii, juhudi imekiongeza. Kupanda kulituchukua karibu nusu saa. Hakuna aliyetuharakisha.

Mchana tulikula. Hapa Waislamu wenzangu muwe macho: Umbria, mkoa ulimo Orvieto, ni nchi ya nguruwe, wa kufugwa na wa mwituni, na hata mchuzi wa tambi usioutilia shaka unaweza kuwa na vipande vyake. Tulikula umbrichelli, tambi nene za kusukumwa kwa mkono, zenye uyoga wa thamani ule uitwao tartufo, na jibini ya kondoo. Nilimuuliza mhudumu mara mbili, akanijibu kwa uvumilivu mara zote mbili. Mji umejaa pia maduka ya divai nyeupe ya Orvieto, tuliyapita.

Alasiri tukaingia tena ardhini. Chini ya mji wameshahesabu mapango na mahandaki kama 1,200 yaliyochongwa kwenye tufo, jiwe laini la volkano lenye rangi ya asali iliyochafuka. Matembezi na kiongozi yanaanzia uwanja wa kanisa kuu, ni kama saa moja. Utaona kinu cha kukamulia zeituni, na utaona visima vya Waetruski, watu waliokuwa hapa kabla ya Warumi kuuteketeza mji mwaka 264 kabla ya Kristo: mashimo membamba ya pembe nne, mtu mmoja tu anaenea, na ukutani vishimo vya kukanyagia vimekatwa pande mbili zikitazamana, sawasawa na mafundi visima wetu wanavyokata ili washuke na kupanda.

Lakini kilichomshika shangazi ni vyumba vya njiwa. Kuta nzima zimetobolewa vitundu vya mraba, safu juu ya safu, kila kitundu kiota. Dirisha linafunguka kwenye genge. Njiwa wanaruka bondeni kujitafutia chakula, jioni wanarudi wenyewe. Mwenye nyumba hatoki mlangoni na hagharamii nafaka, na siku ya kuzingirwa na adui ana nyama. Orvieto wanapika njiwa mpaka leo. Angalizo moja: kuna kichochoro chembamba sana na ngazi; mwenye hofu ya kubanwa aulize kwanza.

Kanisa kuu tuliliacha mwisho, na nafurahi tulifanya hivyo. Jiwe la kwanza liliwekwa mwaka 1290. Kuta za pembeni ni mistari ya mawe meusi na meupe. Chini mbele, usawa wa macho, kuna michongo ya marumaru ya wakati wa Lorenzo Maitani, aliyesimamia ujenzi hadi kufa kwake mwaka 1330. Shangazi hasomi Kiitaliano wala Kilatini, lakini alipofika penye mtu aliyelala na ubavu wake umefunguliwa, akasema, "Adamu huyu. Na Hawa anatolewa." Akaendelea mwenyewe, nguzo hadi nguzo, bila mimi.

Ndani, upande wa kulia, kuna kapela ya San Brizio iliyochorwa na Luca Signorelli kati ya 1499 na 1504. Ukutani mhubiri amesimama juu ya jukwaa, sura amefanana na Yesu, na shetani anamnong'oneza sikioni; mkono mmoja huwezi kujua ni wa nani kati yao. Nilimwambia ni yule wanayemwita Mpinga Kristo. "Dajali," akasema kwa sauti ndogo. Ukuta mwingine malaika wawili wanapuliza baragumu, na watu wanajitoa ardhini, wengine miili kamili, wengine bado mifupa, mmoja kaweka viganja chini anajisukuma atoke kama mtu anayepanda kutoka majini. Alikaa kwenye benchi mbele ya ukuta huo karibu dakika ishirini. Mwanamke wa Kiislamu mwenye mtandio, ndani ya kanisa, na hakuna aliyemuuliza neno. Mlinzi alimwonyesha tu mahali pa kukaa.

Lililoniudhi ni malazi. Niliuliza kwa simu kama kuna lifti, nikaambiwa ipo. Ilikuwepo, imeharibika, na hakuna aliyetuarifu. Chumba ghorofa ya tatu, ngazi za mawe, baada ya siku ile. Niliomba chumba cha chini hawakuwa nacho, niliomba wapunguze bei wakakataa. Nyumba nyingi za juu ni za kale na hazina lifti kabisa. Mkiwa na mzee, ulizeni kama lifti inafanya kazi leo, na ulizeni tena asubuhi ya safari.

Hata hivyo ningelala tena. Uso wa kanisa unatazama magharibi, na jua linapozama ile dhahabu ya vijiwe vya rangi inawaka mpaka unapepesa macho. Wakati huo makundi ya watalii yameshateremka, na wenyeji wanatoka kukaa kwenye viti vya mawe ng'ambo ya uwanja, wazee na wajukuu. Tulikaa nao.

Asubuhi ilikuwa Jumamosi, siku ya soko Piazza del Popolo. Shangazi alitia mkono kwenye gunia la maharage madogo meupe, akayachezesha kiganjani, akauliza kama yanaota. Muuzaji akajibu kwa mikono kwamba yanaota. Akanunua nusu kilo, akayafunga kwenye pindo la kanga. Yalipandwa Muheza wakati wa masika.