Taa za sensa katika nyumba ya Ngamiani: korido ndiyo, sebule hapana

Nyumba yetu hapa Ngamiani, Tanga, ni ile ya zamani, korido ndefu katikati na vyumba huku na huku, saa saba mchana ndani giza. Ndiyo maana nilichukua aina mbili za taa za sensa, zile zinazojiwasha zenyewe mtu akipita, kwa mpigo kwenye duka la vifaa vya umeme. Moja ni balbu ya wati 9 ya kuzungusha, shilingi 10,000, yenye kibonge cheupe cha plastiki usoni. Nyingine ni taa ya sahani ya kubandika darini, wati 18, shilingi 28,000.

Muuzaji atakwambia zote ni "za sensa" basi. Si kitu kimoja. Balbu yenye kibonge inahisi joto la mwili linapopita mbele yake. Sahani ina rada ndani: inarusha mawimbi na kuyasoma yanaporudi. Ukishajua hilo, utajua ipi uiweke wapi.

Balbu niliiweka koridoni kwa ajili ya mama. Huamka kabla ya alfajiri kutawadha, na zamani alikuwa akipapasa ukuta mzima kutafuta swichi. Usiku wa kwanza taa ilipojiwasha alisema "Bismillahi!" akarudi chumbani kwake. Tanga hii, taa ijiwashe yenyewe! Siku hizi anaiita taa yake, na akija mgeni anamwonyesha.

Ila mwanzoni ilikuwa ikichelewa. Fundi aliifunga mwisho wa korido, na mama akawa anaijia uso kwa uso. Balbu ya joto haimwoni upesi mtu anayeijia moja kwa moja, inamwona anayekatiza mbele yake. Fundi akaihamishia holda mkabala na mlango wa mama, na sasa akivuka kizingiti tu, imewaka. Kingine ni hili joto letu. Januari na Februari, kuta zikishinda na joto mpaka usiku, balbu inazubaa, kwa sababu inachotafuta ni tofauti ya joto la mtu na la vitu vilivyo nyuma yake, na tofauti hiyo ikipungua haishiki vizuri. Mvua za masika zikianza, akili zinairudia.

Sebuleni msiiweke, nawaomba. Baada ya magharibi mama hukaa kitini na msahafu, ametulia, na taa kwa ujinga wake inadhani hakuna mtu. Pa! Giza. Anapunga mkono, inawaka, aya mbili tatu, giza tena. Aliye kwenye tahiyatu ndiye atakayepunga mkono? Tukajaribu sahani ya rada pale, maana hiyo inashika hata mtikisiko mdogo. Ikashika mno. Pangaboi likizunguka, inawaka. Pazia likipeperushwa na upepo wa baharini, inawaka. Ikakesha peke yake sebuleni, sisi tumelala.

Mwisho sahani ikaenda chooni, na huko nako ilileta vituko. Mlango wa choo chetu ni plaiwudi, na rada inapenya plaiwudi. Kila mtoto aliyepita uani, choo kinawaka. Dawa yake iko kwenye sahani yenyewe: ukifungua kifuniko utakuta vitufe vitatu vidogo vya kuzungusha kwa bisibisi, kimoja cha muda, kimoja cha mwanga, kimoja cha ukali wa kuhisi. Hicho cha tatu fundi alikirudisha nyuma mpaka karibu na mwisho, na sasa ni shwari.

Wanaozitaka ili LUKU isiishe, wapige hesabu kwanza. Balbu ya wati 9 ikiwaka saa 12 kila usiku, kwa mwezi ni uniti tatu na kidogo. Hata uiokoe yote, haikununulii mkate. Na hizi zinaendelea kula umeme kidogo hata zikiwa zimezima, ili zihisi.

Halafu swichi ya ukutani lazima ibaki imewashwa muda wote. Wazee wetu wamezoea kuzima kila wanapopita, kwa hiyo mjukuu aliibandika selotepu. Mama akaibandua. Mjukuu akabandika tena.

Jikoni ndiko sikukutarajia. Mikono imejaa tui, unatoka uani na mbuzi ya nazi, na taa inakuwakia bila kugusa kitu, na kwa kuwa jikoni mtu hatulii, haikuzimikii katikati ya kazi. Niliongeza balbu nyingine ya joto kwa ajili hiyo. Iweke mbali na jiko la mkaa tu, na kibonge ukifute kila wiki, maana moshi na mafuta vikiganda juu yake haioni kitu.