Wiktionary kwa kipimo cha neno moja: papa

Kamusi ya mtandaoni haipimwi kwa neno refu la kitaalamu. Neno refu kwa kawaida lina ukoo mmoja, na kamusi yoyote italipata. Ipime kwa neno fupi la silabi mbili, lile ambalo lugha nyingi zimejikuta nalo bila kuambizana. Kwa kazi hiyo "papa" ni mtihani mgumu, na Wiktionary, kamusi huria iliyoanza Desemba 2002, inaufaulu, mradi msomaji ajue ilivyopangwa.

Tumia toleo la Kiingereza. Wikamusi, ndugu yake wa Kiswahili, bado ni changa mno kwa habari za asili ya maneno.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba ukurasa ni wa tahajia, si wa neno. Kila lugha yenye herufi p-a-p-a imewekwa ukurasa huohuo: Kiingereza juu, nyingine zikifuata kialfabeti. Kiswahili kiko mbali chini, kwa hiyo usihangaike kushuka kwa kidole. Ongeza #Swahili mwishoni mwa anwani, utatua palepale.

Alama juu ya herufi inafungua ukurasa mwingine kabisa. Kwa Kiitaliano "papa" ni mkuu wa Kanisa Katoliki, "papà" ni baba. Kwa Kimaori "papa" ni kitu bapa, ubao au ardhi. Baba ni "pāpā". Kijerumani huanza nomino zote kwa herufi kubwa, basi baba wao yuko kwenye "Papa", na yule wa Kirusi yuko kwenye папа. Kuna mstari mdogo wa "tazama pia" juu kabisa ya ukurasa unaoziunganisha tahajia zinazokaribiana. Watu huuruka, kisha wanalalamika kwamba neno halimo.

Utamu uko kwenye Kihispania. Neno likiwa na asili zaidi ya moja, Wiktionary huzipa namba, na kila namba ina maana zake chini yake. "La papa" ni kiazi, na neno limekopwa kutoka Kikechua, lugha ya wenyeji wa milima ya Andes, Amerika Kusini. "El papa" ni yule wa Roma: Kihispania kimelipata kwa Kilatini, Kilatini kwa Kigiriki, ambako páppas lilikuwa neno la mtoto kumwita baba. Tahajia ile ile, matamshi yale yale. Jinsia ya kisarufi, "la" ya kike na "el" ya kiume, peke yake ndiyo inayowatenganisha. Ukibeba asili ya namba moja ukaipachika kwenye maana ya namba nyingine, utajikuta unamtawaza kiazi. Ukibofya "patata" utamkuta papa tena: neno hilo huelezwa kuwa mchanganyiko wa "papa" na "batata", jina la kiazi kitamu katika Kitaino, lugha ya wenyeji wa Karibi, na ndilo lililozaa "potato" ya Kiingereza.

Soma kwa makini vitenzi vya maelezo ya asili. Kurithi maana yake neno limeshuka ndani ya ukoo mmoja wa lugha. Kukopa ni kuvuka kutoka lugha nyingine. Kutokana tu ni kauli pana, isiyosema neno lilipita njia gani. Kinyota mbele ya umbo kinaonyesha kwamba limekisiwa kwa kulinganisha lugha, halikuonekana kwenye maandishi. Kulinakili umbo hilo bila kinyota chake ni kosa la kila siku.

Kwenye lugha za Kibantu kamusi hii inapwaya. Maingizo mengi yana ngeli na maana fupi, asili hamna. Kwa "papa" ya Kiswahili nenda ukijua unachotafuta: kuna samaki, kuna kitenzi kupapa, yaani kwenda mbio kwa moyo, na kuna "papa" ya "papa hapa", ambayo ni msisitizo tu. Asili ikikosekana usiazime ya jirani. Papa wa baharini hawi ndugu wa papa wa Roma kwa herufi nne. Hata papai halimo katika ukoo wa kiazi; jina lake lilitoka eneo la Karibi likapitia Kihispania.

Tahadhari hiyo ina nguvu zaidi kwa majina ya wazazi. Sauti za midomo, p, b na m, ndizo rahisi kwa mtoto mchanga, kwa hiyo lugha zisizojuana huishia kwenye maneno yanayofanana. Kigeorgia kinaita baba "mama", na mama "deda".

Kabla ya kunukuu, angalia kama asili imewekewa marejeo, kisha fungua historia ya ukurasa uone iliandikwa lini na kama imebishaniwa. Yeyote anaweza kuhariri. Ukitaka kuisoma bila intaneti, programu ya Kiwix inaishusha nzima. Tenga gigabaiti kadhaa, na ushushe upya mara kwa mara, maana nakala hiyo haijisahihishi.